Alama ya Tatu

Jumatatu, 15 Aprili
Picha kutoka kwa Mama imefika saa moja asubuhi, kama kila siku. Maji alama ya tatu. Nimeandika. Chai, kisha kazini.

Bosi sasa anataka akili mnemba kwenye mfumo wetu wa kuhesabu mawese. Mwaka jana alitaka teknolojia ya blokucheni. Hesabu ni zilezile, zimevalishwa suti tu. Nilimwambia. Hakucheka.

Jumatano, 17 Aprili
Alama ya tatu.

Hawa, jirani wa Mama kule Rumonge, ameweka programu ya mafuriko kwenye simu. Inaonyesha kiwanja chetu chote chekundu, yaani hatari. Alinipigia kunisihi nimtoe Mama. Nikamuuliza hiyo programu imeliona lini ziwa letu. Imefundishwa kwa maji ya watu wengine. Mimi nilisimika ufito nyuma ya nyumba, kando ya mpapai, nikauchora alama kwa rangi. Mama anaupiga picha. Maji yakifika alama ya tano, anahamia kwangu Kabezi. Tulikubaliana hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumamosi, 20 Aprili
Alama ya tatu. Nilitaka kwenda kumwona. Mafuta hakuna tena, magari hayatembei.

Kila mtu ana nadharia yake. Tabianchi. Mto unaotoa maji ziwani umeziba. Fundi baiskeli wa hapa anasema ziwa linapumua, kila baada ya miaka linavuta pumzi. Ya fundi ndiyo naipenda. Lakini kupenda si kupima.

Jumanne, 23 Aprili
Alama ya tatu. Hawa amehama. Ukuta wake wa nyuma umeanguka, na anasema kiboko amekula mihogo yake mchana kweupe. Nilijiambia ni tofali mbichi. Sijiamini nikisema hivyo.

Alhamisi, 25 Aprili
Picha ya leo ina kitu pembeni. Kinu. Kinu cha Mama hukaa mlangoni pa jiko. Ufito niliusimika hatua thelathini kutoka pale.

Nimefungua picha zote. Mwanzoni mpapai upo. Kisha haupo. Kisha kamba ya kuanikia nguo. Leo kinu. Mtu anauhamisha ufito. Na maji, alama ya tatu siku zote. Hakuna ziwa linalotulia namna hiyo. Takwimu hizi zingekuwa za mtu mwingine, ningezikataa siku ya pili.

Naogopa.

Jumamosi, 27 Aprili
Nimepata lori la makaa. Nimefika adhuhuri. Mpapai umesimama ndani ya maji. Jiko lina maji. Mama alikuwa anapepeta mchele kibarazani, akaniuliza kama nimekula.

Nilipomuuliza habari ya ufito, hakukana.

"Ulisema maji ikifika ku alama ya tano nitoke. Haiyafika."

Akaendelea kupepeta.

"Mu Rumonge mutu akitoka mu nyumba yake, akirudi anakuta mwingine."

Alikimbia vita akiwa binti. Aliporudi kutoka Tanzania, nyumba ya baba yake ilikuwa na watu na watoto wao. Kesi ilikula miaka. Haya yote niliyajua. Na bado nilimpa ufito wa kumtoa nyumbani.

Nimekasirika. Si naye.

Jumapili, 28 Aprili
Hajakubali kuhama. Nimelala kwake. Asubuhi nilikuta amekaa kitandani, miguu juu, anaangalia maji sakafuni. Ukuta wa chumba chake umepasuka. Nikaenda kwa chefu wa kartie, kiongozi wa mtaa. Nilimwomba atuandikie karatasi kwamba kiwanja hiki ni cha Mama, na anakiacha kwa sababu ya maji tu. Aliniangalia kama mwendawazimu. Kisha akaandika, akagonga muhuri.

Mama aliisoma mara mbili. Akaanza kukunja nguo.

Jumatatu, 29 Aprili
Tumepakia asubuhi. Magodoro, masufuria, cherehani. Mama alikuwa wa mwisho kutoka, karatasi kaifunga kwenye pindo la kitenge. Alivuta mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akasukuma kuhakikisha. Maji yalikuwa yanapita chini ya mlango.

Akaniuliza kama watu hawataingia.

Nikasema hapana, Mama. Hawataingia.