Ndoo za Vifuniko

Baraka, tarehe 9 mwezi wa tatu 2001

Kaka Patrice,

Nakusalimia huko kambi ya bakimbizi Kigoma. Sisi tuko. Dagaa inapatikana, mvua imebomoa jiko.

Unakumbuka bafadhili balituomba sisi bauguzi tuandike mradi, tutafute sababu gani bamama banakimbia kuzalia ku maternité yetu? Niliuliza bamama sitini, mpaka Ubwari. Jibu lilikuwa moja: sisi tunatupa kondo ya nyuma mu shimo, na kwabo lazima izikwe nyumbani. Niliomba ndoo za vifuniko tu, kila mama abebe kondo yake mpaka kwake.

Bamekataa! Eti hiyo ni mila, si utafiti. Halafu sikia: feza bameipeleka ku semina ya siku tano, mu hoteli, kujadiliana kwa nini bamama habaji kuzalia ku maternité! Mimi hata kunialika hapana.

Siku ya tatu ya semina yabo, jirani yetu Rosette alizalia mu shamba ya muhogo, peke yake. Alikuwa ameapa hatakanyaga ku maternité yetu. Mutoto iko muzima. Yeye tulimuzika.

Ile nauli ya boti ulinitumia ili nivuke, nimenunua nayo ndoo kumi na mbili. Usiningojee ku ziwa.

Dada yako,
Dorothée