Kahawa Mbichi Kikapuni mwa Njoroge

Ruiru, Alhamisi, 1957

Kumbe si ukaidi. Nimecheka peke yangu njia yote kutoka hospitali ya Thika.

Msimu mzima nyapara amemtukana mpwa wangu Njoroge kwa kuchanganya kahawa mbichi na iliyoiva. Akifukuzwa shambani, tunapoteza chumba, na ruhusa ya kukaa hapa pia. Mama yake, dada yangu Wanjiru, alikuwa amekonda kwa hofu.

Asubuhi dresa, msaidizi wa daktari, alimwonyesha Njoroge kitabu cha madoa ya rangi. Namba zilizofichwa humo hakuziona. Nikasema, "Lete hapa. Mimi nilimwona chui wa Ngoliba gizani, nikamshika mkia."

Sikuona kitu.

Wanjiru alizisoma zote kama mwalimu.

"Hali hii ilitoka kwa mama yenu," dresa akasema. "Mwanamke huibeba na macho yake ni mazima, lakini mwanawe wa kiume anaweza kuzaliwa akiwa hatofautishi nyekundu na kijani."

"Mshika chui," Wanjiru akaniambia, "na tunda bivu hulijui." Akacheka; sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua ziishe.

Mchana nikamfundisha Njoroge ninavyochuma mimi: unaminya. Iliyoiva hulegea, mbichi ni jiwe. Miaka yote nilidhani watu wote huminya, ila mimi nina vidole bora.

Jioni nyapara alimwaga kikapu cha Njoroge juu ya gunia. Akapekua, akapekua tena.

"Haya, peleka ikapimwe."

Hata siku ya chui sikufurahi hivi.