Kidole changu ku karatasi ya Kalala

Nadège mujukuu wangu, nilikoseaka muntu, acha nianze na ile. Huku bote beko bien. Mutoto wa dada yako iko na meno mbili, anauma kila muntu.

Unauliza ile mashini ya kusoma alama ya bidole munafunza ku école ya police inapashwa kujua nini mbele ya yote.

Wakati wa pillage, batu banaiba ku maduka, nilikuwaka polisi, nalinda dépôt moja ya kuwekea bintu. Ikavunjwa. Bakakamata Kalala, maçon, mujengaji wa manyumba wa mutaa wa Makomeno. Sima ya kujengea ilikwisha kukula ngozi ya bidole byake: tukitia wino, byatoka laini, bila hata mustari moja.

Chef wangu wa polisi akapandisha sauti: "Nataka bidole kumi!"

Nikatia byangu ku karatasi yake. Kalala akacheka: "Papa, sasa njo weye Kalala?"

Kesho yake bakalinganisha na bidole bya ku dirisha ya dépôt, fasi nilikuwa naegemea nikilinda. Bilifanana sana, juu byote bilikuwa byangu! Kalala akafungwa buloko, miye nikaficha ile juu ya kuogopa chef.

Basi mashini yenu ijue kusema: "Huyu sikumusoma." Miye ilinishinda kusema vile.

Siku ya samedi hii niko naenda kwake Makomeno, niseme mbele ya batoto bake: kidole kilikuwa changu. Akinipiga kofi, siku ile bidole byake bitaonekana ku shavu yangu.