Jumapili za Ibaba

Barnaba, nakupigia nimeaibika mwenzio. Ndiyo kwanza natoka ofisini kwa wale watafiti wa mvua hapa Tunduma.

Wameleta programu mpya ya kompyuta. Inachambua vipimo vya mvua vya mkoa mzima kwa dakika chache, kazi iliyokuwa inawachukua mwaka.

Restuta, yule binti msimamizi wetu sisi tunaosoma vipimo vya mvua vijijini, akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Babu Boazi, hii inasema kwenu Ibaba mvua ya Jumapili na ya Jumatatu zinalingana. Kila wiki. Miaka tisa."

Kila wiki, Barnaba! Miaka tisa!

Unajua mwenyewe. Jumapili saa tatu, saa ya kusoma kipimo, tuko ibadani, kipimo nakikuta Jumatatu kina maji ya siku mbili. Nikawa nagawa nusu kwa nusu. Niliona ndiyo haki.

Nikamwambia hivyo. Akacheka, "Babu, mvua umeigawa kama nyama ya sikukuu!" Halafu akanionyesha mstari wa chini. Programu imeshaandika kwamba vipimo vyangu ni vya kutunga. Imevitupa vyote, hata vya zile siku tano za kila wiki nilizopanda kilima nalowa kwenda kukisoma.

Nikasema, basi toeni Jumapili na Jumatatu, mniachie zilizobaki. "Nimejaribu, babu. Inakataa kituo kizima, na mimi sina ruhusa ya kuibadilisha."

Kutunga, Barnaba. Mimi niliyezunguka nchi hii bila kukaa mahali pamoja hata miaka miwili, pale kwenye kipimo ndipo nilipotulia.

Sasa mvua imeanza hapa stendi, na mkono umeshaingia mfukoni kutafuta kalamu niiandike.