Fundi Cherehani Ameoga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima kabisa, ila sauti imenikauka kwa kushangilia. Ngoja nikueleze.

Kaka ameniambia umeapa kwamba heri ufe na figo zako kuliko kuwekwa mrija kifuani, kwa kuwa mrija ndio uliomuua baba. Basi nisikilize kwanza, kisha ukasirike.

Hapa wodini kwetu, tunakosafisha damu, tumekuwa tukijaribu mafuta mapya. Yana vichocheo vya ukuaji, vile vile ambavyo mwili hutumia kuziba kidonda. Ukiyapaka pale mrija unapoingilia, ngozi inaota na kuubana, vijidudu vinakosa mlango. Nusu ya wagonjwa walipakwa hayo, nusu mafuta ya kawaida, na chupa zote zilifanana, hata sisi hatukujua zipi ni zipi. Kazi yangu ni kubadilisha bandeji kila Jumatatu, na kila moja nainusa kabla ya kuitupa. Wenzangu wameniita Pua, nami naitika.

Daktari mkuu, yule asiyecheka, alikuwa akituambia subira yavuta heri. Juzi majibu yalitoka. Mama wee! Kati ya ishirini wa mafuta ya kawaida, saba walipata homa. Kati ya ishirini wa mafuta mapya, hakuna hata mmoja! Daktari alicheka hadi jino la mwisho likaonekana. Akasema sasa wagonjwa wote wa wodi watapakwa hayo.

Yupo fundi cherehani mmoja, mzee mwenye utani, kati ya wale waliopakwa mafuta mapya. Tangu awekwe mrija alikuwa akijifuta kwa kitambaa tu, maana maji ndiyo adui. Jana daktari alimkagua, akasema ngozi imeziba barabara, akiufunika mrija vizuri anaweza kuoga. Mzee aliimba bafuni mpaka foleni ikajaa mlangoni, nasi tukampigia vigelegele. Alipotoka akasema leo mkewe hatamgeuzia mgongo. Tulicheka sana. Kisha nikajifungia stoo ya mashuka nikalia.

Mama, sikulia kwa furaha peke yake. Wiki ile uliyokwenda kumzika bibi, baba alinisihi nimwogeshe, akasema amechoka kunuka beberu. Muuguzi alikuwa amekataza. Nilimwonea huruma, nikammwagia maji, bandeji ikalowa, nami nikaiacha ikaukie mwilini. Siku ya tatu homa ikaanza. Ulipowalaumu wauguzi, nilinyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na mmoja. Ndiyo sababu nanusa kila bandeji. Nisamehe, Mama.

Nikasirikie mimi, mrija usiukasirikie. Jumatatu kuna kitanda chako, kando ya dirisha. Kaka akukodie gari, na usilete visingizio vya kuku wako.

Wasalimie wote nyumbani, mmoja mmoja, na wifi umwambie nimepata kitambaa alichoniagiza. Ngozi yako ikishaziba, na daktari akisema ndiyo, nitakuogesha mwenyewe.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Pua