Nyumba Haikuwa ya Babu Yako

Siyu, 7 Julai 2025

Rumaisa,
Asalaam aleikum. Magoti yaniuma, mengine alhamdulillahi. Wewe na Mombasa yako hamjambo?

Wasema umetafuta nyumba yetu kwenye mtandao, hukuona anayeidai, basi nitulie. Nitulie vipi? Jana Bakr, mtoto wa kaka yangu, alikuwa apima ukuta wangu kwa kamba. Ulitafutaje wewe?

Bibi yako

Mombasa, 10 Julai

Bibi, nakubusu mikono. Mimi mzima, pole kwa magoti.

Niliandika "nyumba Siyu" na jina la babu, Famau Hamdu. Zilikuja picha za ngome na hoteli za Manda. Nilisoma ukurasa wa kwanza wote. Babu hayumo.

Mjukuu wako

Siyu, 14 Julai

Wa aleikum salaam. Afya yangu uiulize siku nyingine.

Nani kakwambia nyumba ni ya babu yako? Famau aliingia humu siku ya harusi na sanduku la nguo, basi. Nyumba nilipewa mimi na baba yangu, kama utakavyopewa wewe. Miaka mitatu ya chuo, bado wadhani kila ukuta una mume.

Na mbuzi akipotea hapa hatupiti ndiani tukiita "mbuzi, mbuzi". Tutaletewa mbuzi wa mji mzima. Twasema jike, mweusi, sikio la kushoto limekatwa ncha. Andika Tima Shuaib Bakari, kiwanja, Siyu, mwaka huu. Nisipokuwamo, andika baba yangu. Na usikome ukurasa wa kwanza kama mtu aliyechoka.

Bibi yako

Mombasa, 17 Julai

Bibi, nakubusu mikono. Nisamehe.

Jina lako halikutoa kitu. La babako nililifungia ndani ya alama za kunukuu, maneno yasitawanyike. Ukurasa wa tatu ikatoka orodha ya afisi ya ardhi: "Kiwanja cha marehemu Shuaib Bakari, Siyu. Mdai: Bakr." Mwisho wa pingamizi ni tarehe 24, saa sita mchana, Amu. Karatasi ya pingamizi ya kujaza imo humu. Mimi nina mtihani siku hiyo.

Mjukuu wako

Amu, 24 Julai

Rumaisa,
Salamu. Magoti usiulize, nimeshuka ngazi za gati la Mtangawanda kwa makalio.

Saa nne nilikuwa dirishani pa afisi ya ardhi. Karani, Bwana Fanuel, akaniuliza nimekuja kwa niaba ya nani. Nikamwambia, yangu. Bakr alikuwa nyuma yangu, hata kuniamkia hakuniamkia.

Kesi ni Oktoba. Penye mwenye nyumba nimeandika jina langu kwa mkono wangu, na penye mrithi, lako. Ukitafuta tena, anza na hayo mawili.

Bibi yako, mwenye nyumba