Ugonjwa Waliouita wa Kongo

Jumatano. Mvua imeishika Arua tangu alfajiri, na mimi nina hasira tangu jana.

Nampenda mama yangu. Leo simpendi.

Mama ni mjane, ana vyumba vya kupangisha hapa Ediofe, nami naishi naye katika ua huohuo. Chumba cha mwisho alikaa Mama Neema, Mkongo anayeuza vitenge, pamoja na bintiye Neema ambaye bado hajaanza shule. Mama Neema akienda sokoni, mtoto alishinda na mama. Walikula pamoja, alilala mapajani pake. Mama alimwita mjukuu.

Mwezi uliopita mama alitokwa na malengelenge upande mmoja wa kiuno, yamejipanga kama mshipi. Mkanda wa jeshi. Aliona haya, maana watu wakisikia mkanda wanasema ni ukimwi. Akapaka majani yaliyopondwa, akafunga leso juu yake, akanyamaza. Neema aliendelea kumlalia.

Baadaye Neema naye akapata homa na vipele vya maji mwili mzima. Wapangaji wakaanza kunong'ona: mpox hiyo, Wakongo wameileta.

Siku mama alipowafukuza nilikuwa soko la Inde, nauza vitunguu. Niliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Jirani akanisimulia jinsi mama alivyosimama mlangoni, ua mzima ukisikia.

"Hiyo ugonjwa ya Kongo sitaki hapa. Beba mutoto yako, tafuta nyumba ingine."

"Mama, huyu mutoto alizaliwa hapa hapa Arua. Kongo hajaiona."

Mama alianza kutoa godoro lao nje kwa mikono yake mwenyewe.

Jana nilimpeleka mama kliniki, kwa sababu malengelenge yamekauka lakini maumivu hayajamtoka. Daktari akauliza kama nyumbani kuna watoto, nikamweleza habari za Neema. Akatufafanulia bila haraka. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni hupona, ila kirusi hakimtoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka. Mwili ukidhoofika, kwa uzee au kwa maradhi mengine, kinaamka na kuwa mkanda wa jeshi. Maji ya malengelenge hayo yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, anaweza kuipata.

"Kwa mnavyonieleza," akamwambia mama, "huyo mtoto huenda aliipata kwako."

Ugonjwa wa Kongo. Kumbe umelala mwilini mwa mama yangu tangu alipokuwa msichana kule Kuluba, hapahapa Uganda.

Njiani mama alisema neno moja tu: nisimwambie mtu.

Leo nimekwenda Koboko, kwa dada yake Mama Neema, ambako wamehamia. Neema amepona, amebaki na madoa usoni. Nimeeleza kila kitu. Mama Neema amesikiliza huku akikunja vitenge.

"Nilijua si mpox. Hospitali ya hapa walisema tetekuwanga. Lakini pale kwenu nani angetaka kusikia?"

Kisha akauliza kama mama bado anaumwa. Swali hilo limenichoma kuliko kama angenitukana.

Nimemwomba arudi. Amekataa. "Alinifukuza mbele ya batu. Aseme mbele ya batu. Halafu nitaona."

Nimerudi jioni na ujumbe huo. Mama amegeukia ukutani. Anasema yeye ni mtu mzima, hawezi kuvuliwa nguo mbele ya wapangaji wake.

Aibu yake naielewa. Ninachokataa ni kumtwika mtoto mwenye homa aibu hiyo, halafu kuiita Kongo.

Nimempa mpaka Jumapili, watu wakitoka kanisani. Asiposema yeye, nitasema mimi, naye akiwa amekaa palepale. Habari za kiuno chake sitazitaja. Nitawaambia tu kwamba ugonjwa ulianzia chumbani kwetu, na kwamba tuliyemfukuza hakuwa na kosa lolote.